Saratani ya ini isiyopasulika: dawa mbili kwa pamoja zilijaribiwa kwa nani?

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Machakos na jirani yangu wa hapa Bamburi. Ni Mkamba, lakini amekaa Mombasa miaka mingi mno hata Kiswahili chake chashinda cha baadhi yetu tuliozaliwa hapa. Alikuwa amekwenda bara kumuuguza kaka yake.

"Jirani, wewe ndiwe mwenye kusoma mambo haya, hebu nieleze," akaniambia. "Daktari asema ni saratani ya ini na haipasuliki. Mpwa wangu naye amesoma kwa simu kwamba kuna dawa mbili zachanganywa na watu wanapata nafuu. Wazee wataka kuuza shamba la Mwala. Tuuze, tusiuze?"

Mimi si daktari, na nilimwambia hivyo. Lakini swali lile halikuniacha nilale, kwa sababu si la kwake peke yake. Kila baada ya wiki kadhaa naona michango kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu, Likoni, Malindi, Lamu, ya kumpeleka mtu Nairobi au India kwa "dawa mpya". Mara nyingi ikifika zamu ya kuuliza dawa hiyo ilijaribiwa kwa nani na ikaleta nini, kiwanja kishauzwa. Kwa hivyo nimesoma, nimewauliza wanaojua, na leo naandika niliyoyapata.

Tuanze na hilo neno "haipasuliki". Ini ni kiungo kivumilivu. Sehemu kubwa yaweza kuharibika na mtu bado ala, afanya kazi, aenda msikitini au kanisani. Ndani yake ini halihisi uchungu. Mtu huanza kulalamika uvimbe unaposukuma ngozi inayolifunika, chini ya mbavu za kulia, au macho yanapogeuka manjano, au tumbo linapojaa maji. Wakati huo huenda uvimbe ushaingia mshipa mkubwa wa damu unaolisha ini, au ushatapakaa, au ini lenyewe limekuwa gumu kama ngozi ya ngoma kiasi kwamba ukikata kipande, kitakachobaki hakiwezi kumbeba mgonjwa. Daktari akisema haipasuliki hajakata tamaa na hajakosa ujuzi. Amepima akaona kisu kitaua mbele ya saratani.

Kwa miaka mingi mgonjwa kama huyo hakuwa na dawa yoyote ya kumezwa au ya kudungwa iliyothibitishwa kumrefushia maisha. Ya kwanza ilikuja 2007, ni vidonge vya sorafenibu, jina la dukani Nexavar. Katika majaribio ya wagonjwa 602 yaliyochapishwa 2008, nusu ya waliopewa vidonge vile waliishi zaidi ya miezi 10.7, na nusu ya waliopewa vidonge visivyo na dawa waliishi zaidi ya miezi 7.9. Tofauti haifiki miezi mitatu, na njiani kuna kuharisha na nyayo na viganja kuchubuka. Lakini ulikuwa mlango wa kwanza, na kila mtafiti akaanza kufikiri: je, nikiongeza dawa ya pili?

Hapa pana kisa ambacho natamani kila familia inayochangisha pesa ingekijua. Daktari Ghassan Abou-Alfa wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, na wenzake walichukua sorafenibu wakaichanganya na doksorubisini, ile dawa nyekundu ya kemo ambayo wengi wameiona ikining'inia hospitalini. Majaribio yalikuwa madogo, wagonjwa 96. Waliopata mchanganyiko walifika miezi 13.7, waliopata doksorubisini pekee wakafika 6.5. Matokeo yakachapishwa 2010. Zaidi ya maradufu! Ungekuwa wewe mwenye mgonjwa, ungengoja nini tena?

Lakini tazama kilicholinganishwa na nini. Mchanganyiko ulipimwa dhidi ya doksorubisini pekee, si dhidi ya sorafenibu pekee. Huenda kazi yote ilifanywa na sorafenibu. Kwa hivyo wakarudi wakafanya majaribio makubwa, wagonjwa 356, safari hii mchanganyiko dhidi ya sorafenibu peke yake. Jibu likatoka: miezi 9.3 kwa mchanganyiko, 9.4 kwa kidonge kimoja. Hakukuwa na faida yoyote, na madhara yakazidi. Aliyeongoza kazi hiyo ni daktari yuleyule, naye aliandika matokeo ya kuvunja moyo kama alivyoandika yale ya kufurahisha. Basi kupima dawa kwa uaminifu ndiko huku. Mtu akikuletea habari ya mchanganyiko mpya, muulize umelinganishwa na nini, na kwa watu wangapi.

Michanganyiko mingine pia ilianguka. Dawa mbili ziitwazo kabozantinibu na atezolizumabu ziliwekwa pamoja, na urefu wa maisha ukawa uleule wa waliomeza sorafenibu.

Matokeo ya mchanganyiko uliofaulu kwanza yalichapishwa Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa Korona, na labda ndiyo sababu wengi wetu hatukuusikia. Ni ile atezolizumabu, ila sasa pamoja na bevasizumabu. Madukani zaitwa Tecentriq na Avastin, zote za kampuni ya Roche, na zaingizwa kwa dripu kila wiki tatu.

Namna zinavyosaidiana si ngumu kuelewa. Mwili una askari wake wa kinga. Seli ya saratani huwaonyesha askari hao kitambulisho bandia, nao hudhani ni mwenyeji, wakampita. Atezolizumabu huziba kile kitambulisho. Bevasizumabu kazi yake ni nyingine. Uvimbe wa ini hujichimbia mishipa mipya ya damu ili ule na ukue, na ishara ileile inayoita mishipa hiyo huwafukuza askari wasikaribie. Bevasizumabu huikata ishara hiyo. Moja yawafumbua macho askari, ya pili yawafungulia njia.

Majaribio yalikuwa na wagonjwa 501. Wawili katika kila watatu walipewa mchanganyiko, mmoja akapewa sorafenibu. Baada ya mwaka mmoja, 67 katika kila 100 wa mchanganyiko walikuwa hai, na 55 wa sorafenibu. Hesabu ya baadaye ilitoa miezi 19.2 kwa 13.4. Kwa wagonjwa 30 hivi katika kila 100 uvimbe ulipungua waziwazi, na kati yao 8 haukuonekana tena kwenye skani. Kwa ugonjwa huu, hiyo ni hatua kubwa. Lakini yasome tena maneno hayo taratibu: nusu ya waliopata dawa bora walikuwa wamefariki kabla ya miezi 20 kwisha. Mpwa wa jirani yangu alisoma "watu wanapata nafuu", naye hakudanganywa. Hakuambiwa yote.

Miaka miwili baadaye ukaja mchanganyiko wa pili, majaribio yakiongozwa na Abou-Alfa tena. Tremelimumabu hudungwa mara moja tu mwanzoni, kisha durvalumabu kila baada ya wiki nne. Zote mbili ni za kuamsha kinga. Nusu ya wagonjwa walipita miezi 16.4, kwa 13.8 ya sorafenibu. Ukitazama miezi pekee utaona si kitu. Walipofuatiliwa hadi miaka mitano, karibu 20 katika kila 100 walikuwa bado hai, na upande wa sorafenibu 9. Maana yake kuna kikundi kidogo ambacho kinga yao ikishaamka haisinzii tena. Nani ataangukia kikundi hicho? Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukwambia kabla hujaanza.

Sasa nije kwenye swali la kichwa cha habari, maana hapa ndipo kaka ya jirani yangu anapohusika.

Majaribio hayo yalifanyika Asia, Ulaya, Amerika. Machakos haikuwamo, wala Mombasa. Na sharti la kuingia lilikuwa ini liwe bado lafanya kazi vizuri ijapokuwa lina saratani. Madaktari hupima kwa alama ziitwazo Child-Pugh, zenye mambo matano: umanjano katika damu, protini ya albumini, kasi ya damu kuganda, maji tumboni, na kama mgonjwa amechanganyikiwa akili kwa ajili ya ini. Mwenye alama chache huitwa A. Akizidiwa ni B, akizidiwa mno ni C. Waliojaribiwa walikuwa A. Mwenye tumbo lililojaa maji, macho manjano na usingizi wa ajabu mchana hakukubaliwa, na miezi 19.2 haimhusu. Dawa ikiamsha askari ndani ya nyumba ambayo kuta zake zaanguka, huenda askari wakaimalizia.

Wagonjwa wetu hufika wakiwa katika hali gani? Mwaka 2017 watafiti walichapisha hesabu za wagonjwa wa saratani ya ini kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo. Misri, ambako watu hufuatiliwa kwa vipimo, nusu ya wagonjwa walipita miezi 10.9 baada ya kugunduliwa. Nchi nyingine zilizobaki, miezi 2.5. Na umri wa kati wa wagonjwa huko ulikuwa miaka 46, wakati Misri ni 58. Miaka 46! Huo ni umri wangu na wa rafiki zangu niliocheza nao mpira, ni watu wenye watoto wa sekondari.

Ukanda ule wa Machakos una mambo yake tena. Kwanza ni mahindi. Mwaka 1981 watu 20 walilazwa hospitalini wilayani Machakos kwa macho manjano na matumbo yaliyovimba, 12 wakafa. Mahindi waliyokula yalikutwa na aflatoksini, sumu ya ukungu, kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 2004 balaa likarudi Makueni, Kitui, Machakos na Thika: wagonjwa 317, waliokufa 125. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa mara moja. Ile kidogo kidogo ya kila siku haiui mwaka huu. Huingia kwenye seli za ini na kuharibu jeni iitwayo TP53, mojawapo ya breki zinazozuia seli isizaane ovyo. Na msomaji wa Pwani asidhani hili ni la bara tu. Sima yetu hatuilimi sisi, na Novemba 2019 shirika la viwango KEBS lilisimamisha aina tano za unga kwa sababu hiyohiyo.

Pili ni virusi vya hepatitisi B, ambavyo mtoto aweza kuvipata kwa mamake na akakaa navyo miaka 40 bila kujua. Utafiti uliofanywa Shanghai kwa wanaume zaidi ya 18,000 ulionyesha kwamba aliyekula aflatoksini pekee alikuwa na hatari ya saratani ya ini kiasi cha mara 3, mwenye hepatitisi B pekee mara 7, na mwenye vyote viwili karibu mara 60.

Tatu ni kichocho, na hiki nilikuwa sikijui mpaka nilipoanza kusoma. Sisi huku Pwani twakijua kichocho cha kukojoa damu. Cha Machakos ni aina nyingine, cha matumbo, na watafiti wamekuwa wakikifuatilia huko tangu miaka ya 1980. Mayai yake huziba mishipa midogo ya ini, bandama huvimba, na mishipa ya kwenye koo la chakula hututumka kama kamba. Mishipa hiyo ikipasuka mtu hutapika damu mpaka roho itoke. Sasa kumbuka bevasizumabu: mojawapo ya madhara yake ni kutokwa damu. Ndiyo maana kabla ya kupewa, mgonjwa huangaliwa koo na tumbo kwa kamera, na mishipa iliyotutumka hufungwa kwanza. Mchanganyiko wa pili, wa tremelimumabu na durvalumabu, hauna bevasizumabu, na huenda kwa watu wa ukanda ule ndio unaofaa zaidi. Lakini "huenda" si jibu. Saratani iliyozaliwa na aflatoksini pamoja na hepatitisi B, ndani ya ini lililopitiwa na kichocho, yaitikia vipi dawa hizi? Hilo halijibiwi Tokyo wala Paris. Lajibiwa kwa kuwapima wagonjwa wa Machakos, Kitui na Kilifi.

Najua neno "majaribio" lina harufu mbaya kwetu. Watu husema tutafanywa panya. Wasiwasi huo una asili yake na siudharau. Lakini majaribio halali hapa Kenya hayaanzi bila kibali cha kamati ya maadili na cha Bodi ya Famasia na Sumu. Mgonjwa husomewa fomu kwa lugha aifahamuyo, kwa hivyo bibi wa Mwala asomewe kwa Kikamba, na ana haki ya kutoka siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Asiyeangukia dawa mpya hapewi maji ya sukari ikiwa dawa iliyothibitishwa ipo. Katika yale majaribio ya 501, upande wa pili walipata sorafenibu. Na dawa inayojaribiwa hailipiwi na mgonjwa. Ukiambiwa utoe pesa ili "uingizwe kwenye majaribio", funga mkoba uondoke.

Nje ya majaribio, pesa ndiyo inayouma. Dripu ya kila wiki tatu ni mara 17 kwa mwaka. SHA ilipoanza Oktoba 2024, mgao wa saratani kwa familia moja kwa mwaka ulikuwa Sh400,000, na zikiisha kulikuwa na Sh150,000 za mfuko wa magonjwa sugu. Gawanya Sh550,000 kwa 17 upate kama Sh32,000 kwa kila dripu, na humo hamjaingia skani, damu, kamera wala nauli. Dawa hizi mbili kwa mzunguko mmoja bei yake huhesabiwa kwa malaki. Kwa hivyo shamba likiuzwa, laweza kuliwa lote katika miezi michache, mgonjwa akiwa bado katikati ya dozi. Njia ya kupunguza bei ipo, na haiko mikononi mwa familia. Mwaka 2025 serikali iliingia mkataba na Roche, kampuni hiyohiyo, kuhusu Herceptin ya saratani ya matiti, bei ikashuka hadi Sh40,000 kwa kila dozi na SHA ikailipa. Mbona wa ini wasifikiriwe? Ningependa wabunge wetu, wa Pwani na wa Ukambani, waulize swali hilo kwa sauti.

Niliyomwandikia jirani yangu yalikuwa maswali ya kupeleka kwa daktari. Ini lake ni A, B au C? Ameangaliwa koo kwa kamera? Amepimwa hepatitisi B, na kama anayo, amepewa tenofovira? Hiyo ni dawa ya bei nafuu, na hospitali za Kenya zinayo kwa sababu hutumika pia kwa wenye HIV. Mshipa mkubwa wa ini umeingiliwa? Tukianza dripu na pesa zikakatika baada ya tatu, tutakuwa tumepata nini? Na tusipoanza, ni nini kitafanywa kumpunguzia maumivu? La mwisho hilo watu husahau kuliuliza. Hapa Mombasa tuna Coast Hospice, na mofini ya maji si dawa ya kumharakisha mtu kufa kama wengi wanavyonong'ona. Hutuliza maumivu, mtu akaweza kulala na kuzungumza na wanawe.

Nilimwambia pia wamweleze mgonjwa mwenyewe. Kwetu tuna tabia ya kumficha mtu maradhi yake, tukidhani ni huruma, kisha anaondoka bila kuandika wasia, madeni hayajulikani, na ndugu wanabaki kugombana kaburi halijakauka.

Alinipigia tena baada ya siku tisa. Ni C. Maji yalikuwa yamejaa tumboni, na daktari alisema dripu zile hazimfai. Wanamtoa maji kila baada ya muda na amepewa mofini. Mwenyewe aliposikia, aliomba apelekwe nyumbani Mwala, akawaita wazee wakaenda kuonyeshana mipaka ya shamba, yeye akiwa amekaa kwenye kiti chini ya mwembe. Shamba halijauzwa.

Daktari aliwataka ndugu na watoto wote wapimwe hepatitisi B. Watoto wawili wadogo, waliozaliwa baada ya chanjo kuingizwa katika chanjo za watoto nchini mwaka 2001, hawana virusi. Kijana mkubwa, huyohuyo aliyesoma habari za dawa mbili kwenye simu, anavyo. Ini lake bado ni zima. Amepangiwa kuangaliwa kwa picha kila baada ya miezi sita, na tarehe ya kwanza ishaandikwa kwenye kadi.